Shuka Lenye Bitana Nyekundu

Jamaa, sogeeni karibu, na mwenye kahawa ainywe sasa, kwa sababu nikianza habari ya nyumba ya Maalim Kulow sipendi kukatizwa. Wapo watu hadi leo wanaoisimulia kwa kunong'ona, kana kwamba walioumia ndio wenye aibu. Mimi nitaisema kwa sauti yangu yote.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, mwaka wa tatu wa vile vita vya kutaka mkoa wetu ujitenge na Kenya. Mahali penyewe paliitwa Garas Weyn, makao ya nyumba arobaini hivi, mwendo wa siku mbili kwa ngamia kutoka Garissa ukielekea Sangailu. Palikuwa na kisima, zahanati ya chumba kimoja, kituo cha serikali chenye bendera, na msikiti wa miti uliozungushiwa miiba.

Asubuhi moja ya Ijumaa Saynab, mke wa Maalim, alikuwa ameketi mlangoni pake akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Nyuma ya nyumba watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wakisoma mbao zao kwa sauti, kila mmoja aya yake, kelele tupu kwa asiyezoea. Maalim alikuwa amefumba macho. Lakini mtoto akiteleza kwenye herufi moja, alimtaja kwa jina na kumrudisha, bila kufungua jicho. Saynab alicheka peke yake. Alikuwa ameolewa miaka kumi na minane na bado mume huyo alimpendeza.

Nyumba aliyokuwa ameketi mlangoni pake ilikuwa yake, na hili mlishike. Kwetu nyumba ya mikeka na fito ni mali ya mwanamke. Mama na shangazi zake ndio wanaosuka mikeka, yeye ndiye anayeisimamisha, anayeibomoa na kuipakia siku ya kuhama. Mwanamume huingia humo kama mgeni aliyezoeleka.

Saynab hakujaliwa mtoto aliyeishi. Aliyekuwa naye ni ndugu yake Rage, ambaye mama yao alifariki akamwacha akiwa bado ananyonya, naye Saynab, msichana wa miaka tisa, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Siku hizo Rage alikuwa porini na bunduki. Hakwenda huko kwa ajili ya bendera ya mtu yeyote. Askari waliwaua ngamia wake kumi na wawili kisimani kwa kosa la watu wengine, na kesho yake akaondoka. Alimwacha mkewe Faduma na mimba changa. Sasa mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, na baba yake hajamtia machoni.

Kwa hiyo Saynab kila akiswali aliomba jambo moja tu: Rage arudi nyumbani akiwa hai. Hakuomba ushindi wa huyu wala wa yule.

Tuje kwa Maalim. Nataka niwe mwadilifu kwake, maana hakuzaliwa mbaya. Mwaka wa kwanza wa vita, watu watatu wa porini walimjia mchana kweupe, bunduki mabegani, wakamtaka aseme kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba vita vile ni jihadi na anayekaa nyumbani si Mwislamu. Maalim alikuwa akinoa kalamu yake ya mti. Hakuinuka.

"Mimbari hii nimeikuta, na nitaiacha," aliwaambia. "Mkitaka kuniua, niueni hapa chini. Huko juu nitasema ya Mungu na Mtume wake basi."

Wakaondoka. Habari ile ilifika Ijara, ilifika hata Wajir. Kuanzia siku hiyo neno la Maalim Kulow lilikuwa neno. Watu waliogombania kisima walikubali akisema. Hata serikali ilisikia, na hapo ndipo mashaka yetu yalipoanzia.

Afisa aliyeletwa kusimamia kituo aliitwa Elkanah, mtu wa bara, mrefu, mpole wa maneno, asiyempigia mtu kelele. Kwao, alisema, Jumapili alikuwa akihubiri kanisani. Alimtembelea Maalim na sukari mkononi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Mimi na wewe ni wafanyakazi wa shamba moja," alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo Maalim aliijua tangu alipokuwa akisoma Lamu. "Naomba kitu kidogo tu. Ng'ombe watachanjwa wiki ijayo. Ukimaliza hotuba, uwatangazie watu."

Nani atakataa chanjo ya ng'ombe? Maalim alitangaza, ng'ombe wakachanjwa, watu wakashukuru.

Mwezi uliofuata lilikuja tangazo la saa za kutotoka nje. Hilo nalo alilisoma, akisema ni kuwaokoa watu na risasi. Ukaja mwezi mwingine, akasoma majina ya waliotakiwa kufika kituoni. Halafu zikaja bati mpya za kuezekea msikiti, zinang'aa mpaka zinaumiza macho, na redio ya betri, na maneno kwamba huko Garissa wanatafuta mtu wa kumfanya kadhi wa upande wetu wote. Maalim akaanza kusema "sisi na serikali". Wengine tulicheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka, na sijajisamehe.

Saynab alimwambia siku moja akimmiminia chai, "Maalim, zamani ulipokuwa ukipanda mimbari nilikuwa sijui utasema nini. Siku hizi nikiona gari la kituo Alhamisi, najua hotuba ya Ijumaa."

"Mwanamke, unataka tunyeshewe msikitini?"

"Mvua yenyewe iko wapi ya kutunyeshea?"

Na kweli mvua haikuwapo. Misimu miwili ilikuwa imepita mikavu. Kisima kilitoa tope, ngamia walibaki mifupa na nundu zilizolala. Wazee wakaenda kwa Maalim wakamwambia imefika siku ya roobdoon.

Nyinyi mliozaliwa mjini, roobdoon ni dua ya kuomba mvua. Tunafunga siku tatu. Katika siku hizo tatu wenye ugomvi wanapatana na aliyechukua cha mwenzake anakirudisha, maana tunaamini mvua haishuki juu ya watu wenye vinyongo. Siku ya nne, tukiwa bado tumefunga, tunatoka wote uwanjani. Wazee, wanawake, watoto wachanga, mifugo pia. Ndama na vitoto vya mbuzi tunawatenga na mama zao ili wote walie pamoja nasi. Hakuna anayebeba silaha. Hata fimbo ya kuchungia mtu anaiacha nyumbani, kwa sababu huwezi kwenda kumlilia Mungu na chombo cha kumpigia mja wake. Imamu anaswalisha, anahutubu, kisha anaelekea kibla na kuligeuza shuka lake, la ndani likawa nje, kumwomba Mola ageuze hali yetu. Sisi nasi tunageuza yetu, tunainua mikono.

Tangu babu zetu, hata koo zilizokuwa zikiuana zilisimama safu moja siku hiyo. Sijawahi kusikia mtu aliyeguswa kwenye roobdoon.

Maalim alikwenda kituoni kuomba ruhusa, maana wakati huo kukusanyika bila ruhusa kulikuwa kosa. Alikwenda asubuhi akarudi adhuhuri, uso umembadilika, kama mtu aliyepewa mzigo na zawadi kwa pamoja.

"Wamekubali," alimwambia mkewe. "Na wamekubali hata walio porini waje. Bwana Elkanah ameshika Biblia yake akaniapia, hakuna atakayedhuriwa."

Saynab aliacha alichokuwa akifanya. "Hata Rage?"

"Hata Rage. Mpelekee habari."

"Wewe unamwamini huyo mtu?"

"Ameapa kwa kitabu chake, Saynab. Na mimi ndiye nitakayesimama mbele." Halafu akaongeza, kama jambo dogo, "Nishonee shuka jipya. Jeupe, na ndani utie bitana nyekundu. Watu watakuwa wengi, walio nyuma kabisa waone nikiligeuza, nao wageuze."

Saynab hakuwa na kitambaa chekundu ila nguo yake ya harusi, aliyoihifadhi sandukuni miaka yote hiyo pamoja na ubani. Aliikata. Alishona siku mbili, akiimba, na vidole vyake vilivyokuwa vigumu kwa kamba za kisimani alivisugua mafuta ili visikwaruze kitambaa. Ndugu zangu, alikuwa na furaha.

Kisha alichukua punda wawili kama anayekwenda kutafuta kuni, akaingia kichakani upande wa mashariki, mahali alipokuwa akimwachia Rage chumvi na majani ya chai. Jua lilikuwa utosini. Rage alitokea nyuma ya mti wa mgunga akiwa amekonda, ndevu zimemjaa.

"Abaayo," alimwita, kama tunavyomwita dada, na wakakaa chini.

Saynab alimweleza yote. Alimweleza kuhusu mtoto, kwamba ana masikio yake na hasira zake. Rage alicheka, kisha akauliza:

"Nani anasema kuna amani?"

"Roobdoon ndiyo inayosema. Lini ilivunjwa?"

"Serikali haina roobdoon, abaayo."

"Lakini Maalim anayo. Yeye ndiye atakayeswalisha. Yule aliyewafukuza wenzako na bunduki zao, atauza dua kwa watu wa kituo? Ni mume wangu, Rage. Nakula naye sinia moja."

Rage aliokota kijiti akakivunja vipande vidogo. "Wenzangu kumi na mmoja wamechoka kama mimi. Wakisikia nimekwenda, watakuja." Akamtazama dada yake. "Ninakwenda kwa neno lako wewe. La Maalim sikulisikia."

"Wallahi, njoo," alisema Saynab. "Uje umshike mwanao."

Siku ya tatu ya kufunga, Saynab alikwenda zahanati kumchukulia mtoto wa Faduma dawa ya macho. Aliyekuwa akihudumu pale ni Justus, kijana Mkamba wa Kitui, ambaye sote tulimwita Daktari ingawa mwenyewe alikataa jina hilo. Alikuwa na mikono miepesi na watoto hawakumlilia. Siku hiyo hakumtazama Saynab usoni.

"Mama, kesho mtoto asitoke nje," alisema akifunga dawa kwenye karatasi. "Macho yake hayawezi vumbi. Hata wewe ubaki naye nyumbani. Na babake, kama yuko mahali, abaki hukohuko."

Saynab alicheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia dukani, p akiitamka b na v akiitamka f.

"Daktari, wewe hajui roobdoon. Mtoto lazima iende. Mungu nasikia mtoto kwanza, sisi kubwa badaye. Nibe dawa, kesho fumbi ibo, lakini mfua nakuja!"

"Mama, nakuomba."

"Bole, bole. Wewe Mkristo, si makosa yako."

Justus alifungua mdomo. Nje palipita askari wa kituo akipiga mluzi, naye akaufunga, akampa dawa na kumsindikiza hadi mlangoni. Saynab aliondoka akimhurumia, kijana mwema asiyejua kwamba bila watoto roobdoon haikamiliki. Jamaa, kama ni mimi ningefanya vilevile. Sisi tuliolelewa katika desturi ile hatukuwa na mahali akilini pa kuweka onyo kama hilo.

Siku ya nne tulitoka. Uwanja ulikuwa mweupe kwa vumbi, na midomo yetu pia. Ndama walilia upande mmoja, mama zao wakajibu upande wa pili, watoto wakaanza nao. Kutoka kichakani walitokea wanaume kumi na wawili mikono mitupu. Watu waliwapisha wakawaingiza kwenye safu, na wawili waliokuwa na kisasi cha miaka sita walishikana mikono mbele yetu. Wanawake walilia. Faduma alipita pembeni ya safu akamwekea Rage mtoto mikononi. Rage alimtazama yule mtoto hata akasahau kumsalimu mkewe.

Saynab alikuwa safu ya wanawake, nyuma. Aliyaona yote hayo, akamshukuru Mungu kwamba dua yake ilijibiwa kabla hata ya kuombwa ile ya mvua.

Maalim aliswalisha. Akahutubu, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko desturi. Mara mbili aliinua mkono kwenye ncha ya shuka na mara mbili akaushusha. Jasho lilimtiririka. Wengine tulidhani ni unyenyekevu. Mwishowe aligeuka kuelekea kibla, akalivua lile shuka jeupe na kuligeuza, na wekundu ukawaka juani, ukaonekana hadi mbali.

Sote tukaanza kugeuza mashuka yetu. Mtu akiwa na nguo usoni haoni. Tulipoyashusha, askari walikuwa wametoka nyuma ya vilima vya pande tatu, na malori yakaziba upande wa nne.

Hatukuwa na kitu mkononi, na tumboni siku nne za njaa. Vijana wawili walikimbia, wakapigwa risasi wakaanguka karibu na ndama. Rage hakukimbia. Alikuwa na mtoto. Alikaa chini, akainama juu yake mpaka askari walipomfikia, kisha akamkabidhi mtoto kwa mwanamke wa karibu kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kibuyu kilichojaa. Akiwa anafungwa mikono alimtafuta dada yake kwa macho hadi akampata. Hakumlaani. Alimtazama tu. Saynab aliniambia mimi mwenyewe miaka mingi baadaye kwamba afadhali angemlaani.

Walipakiwa wanaume ishirini na saba, wa porini na wasio wa porini. Ngamia wote waliokuwa uwanjani, tuliowaleta wenyewe wamlilie Mungu, wakaswagwa kuelekea kituoni. Ndama waliachwa.

Saynab alikimbia hadi mbele kwa mumewe, akidhani naye amekamatwa. Alimkuta amesimama kando ya gari dogo la kituo, shuka bado limegeuzwa. Bwana Elkanah alikuwa akijifuta shingo kwa leso. Hakujua kwamba mwanamke yule anaelewa Kiswahili, au hakujali.

"Umechelewa kuligeuza, Maalim," alisema kwa upole wake uleule. "Vijana wangu wamekaa juani muda mrefu."

Saynab alilitazama lile shuka. Aliutazama wekundu wake na mshono wake mwenyewe, mmoja mmoja.

Nyumbani alimngoja aingie. Hakupiga kelele.

"Ulijua."

"Nilijua watakuja," alisema Maalim. "Aliniambia watawaandika majina, wachukue bunduki zilizofichwa, wawaachilie. Aliapa! Nilitaka vita viishe, Saynab. Kwa njia hii watu wangerudi nyumbani bila kuuana."

"Ukaniacha nimwite."

"Ningekuambia, ungemwonya."

"Ndiyo, ningemwonya!" Hapo sauti ilimtoka. "Ndiyo maana hukuniambia. Walipokuja wale wa bunduki ulisema niueni hapa chini. Hawa wamekuja na sukari, ukawapa mimbari, ukawapa roobdoon, ukawapa na ndugu yangu. Na mimi nimekushonea!"

"Ninakwenda kituoni. Nitazungumza naye, atamwachilia Rage, aliniahidi Rage hasa."

Alikwenda. Alikwenda siku ya kwanza akaketishwa kwenye benchi. Siku ya pili akaambiwa bwana ana kazi. Siku ya tatu askari wa mlangoni hakumjibu salamu. Mkubwa aliyekuwa akivua viatu mlangoni kwa Maalim sasa hakuwa na haja tena ya kuvivua.

Siku ya saba alikuja Justus, amebeba kifurushi. Alikuwa ametumwa Garissa kuchukua dawa, na huko alimkuta Rage hospitalini chini ya ulinzi, amepigwa mbavu zimevunjika. Alikaa naye hadi mwisho wake. Aliyasimulia haya akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Alisema nini?" aliuliza Saynab.

"Aliuliza kama mvua imenyesha."

"Wewe alijua," Saynab alimwambia. "Ile siku ya dawa. Wewe alijua."

"Nilijua kidogo, Mama. Niliogopa kusema zaidi." Machozi yalimshuka. "Nisamehe."

Saynab alifungua kifurushi. Lilikuwa shuka la Rage. Bado lilikuwa limegeuzwa, la ndani nje, vilevile alivyoligeuza akimwomba Mungu.

Alilikunja polepole. Kisha akaingia ndani na kulichukua lile jeupe la Maalim kutoka lilipotundikwa. Kwa meno yake akakata uzi, akachomoa mshono wote, akaibandua bitana nyekundu ikabaki mkononi mwake. "Hii ni yangu," alisema, na lile jeupe akalitupa mkekani.

Halafu akaanza kubomoa nyumba.

Maalim alikuwa ndani. Mkeka wa kwanza ulitoka juu ya kichwa chake, jua likamwangukia. Ukatoka wa pili, wa tatu. Majirani walisimama mbali. Hakuna mwanamke aliyemzuia, na wawili walikuja kumsaidia kufungua kamba. Zikang'olewa fito moja baada ya nyingine, vikachukuliwa vibuyu, sufuria, sanduku. Punda wakapakiwa. Mwisho aliuvuta mkeka aliokuwa amekalia mumewe, naye akajiinua kumpisha, kama mtoto. Akabaki ameketi kwenye duara la udongo mtupu, yeye na msahafu na redio.

"Saynab, nitakaa wapi?" aliuliza.

"Una msikiti wa bati," alijibu, akawaswaga punda.

Hakwenda mbali. Aliisimamisha nyumba yake kando ya nyumba ya Faduma, hatua mia mbili tu, na yule mtoto wakamlea pamoja, Saynab akimnywesha maziwa ya mbuzi kama alivyomnywesha baba yake.

Siku ya tisa mvua ilinyesha, nyingi, ya radi. Ilikuwa Ijumaa. Maalim Kulow aliadhini chini ya bati zake na sauti yake tuliisikia vizuri, ilikuwa nzuri kama siku zote. Wanaume wachache tuliobaki tulitoka tukajipanga safu uwanjani, kwenye tope, tukaswali adhuhuri tukinyeshewa, akituswalisha mzee Korane, mchimba visima, asiyejua zaidi ya sura nne fupi. Msikitini hakuingia mtu. Nyuma yetu walisimama wanawake, na Saynab miongoni mwao, mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitambaa chekundu.

Ukadhi hakuupata. Elkanah alihamishwa kabla mwaka haujaisha, na aliyekuja baada yake alimuuliza Maalim jina lake. Watu waliposogezwa kwa nguvu kwenye vijiji vya lazima, alikwenda nao, akaishi pembeni. Kila Ijumaa aliadhini, na kila Ijumaa aliswali peke yake, hadi alipokufa. Saynab alituma sanda, lakini yeye mwenyewe hakwenda.

MAFUNZO

Jamaa, msiniambie kwamba funzo la habari hii ni kuichukia serikali, au kumchukia Mkristo. Justus alikuwa Mkristo na mtumishi wa serikali, naye peke yake ndiye aliyejaribu kutuonya, ingawa aliogopa kumaliza sentensi. Hilo nalo ni funzo: ukijua watu wanapelekwa kuchinjwa, usiseme habari za vumbi. Sema!

Funzo kubwa ni hili. Mahali pa ibada si pa mtawala, wala si pa anayempinga mtawala. Maalim alijua hivyo siku walipomjia na bunduki. Waliomjia na chanjo ya ng'ombe hakuwatambua, kwa sababu walianza na jambo jema. Basi nyinyi mnaopanda mimbari na madhabahu, lipimeni tangazo la kwanza kama mtakavyolipima la mwisho. Mkubwa akikuletea karatasi ya kusoma mbele ya watu waliofumba macho, mwambie akaisome mwenyewe, uwanjani, watu wakiwa wamefumbua.

Na sisi tunaokaa chini tukisikiliza, tusicheke tu. Siku kiongozi wa dini anapoanza kusema "sisi na serikali", au "sisi na bunduki", ndiyo siku ya kumshika shuka na kumshusha. Sisi tulingoja mpaka alipoligeuza.

Tangu mwaka ule, Garas Weyn hawajafanya roobdoon tena. Ukame ukija, kila mtu anaomba nyumbani kwake, mlango akiuelekea, asije akaviziwa tena.